Tochi iliyopotea na ndege iliyocheleweshwa: je, kijana wangu alikosea kusema?

Swali: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Tanga. Kijana wangu wa kwanza ana miaka 23, ni fundi mwanafunzi kwenye hangari moja ya ndege. Mwezi uliopita, mwisho wa zamu ya usiku, alihesabu zana zake akakuta tochi ndogo haipo. Akamwambia msimamizi. Abiria walikuwa wameshapanda. Wakashushwa, ndege ikarudishwa, vifuniko vikafunguliwa upya, saa tatu zikapotea. Mwishowe tochi ikaonekana kwenye mfuko wa koti la mwenzake. Sasa kazini wanamwita kisirani, na ameambiwa aandike maelezo. Chakula hakipiti, anataka kuacha kazi. Naomba kuuliza: hivi kweli tochi ya kiganjani inaweza kuangusha ndege? Na je, hakukosea kusema kabla ya kutafuta vizuri?

Jibu: Marahaba mama, na pole kwa hayo yaliyoikuta nyumba yako. Nianze na swali la pili, maana naona ndilo linalokunyima usingizi. Kijana hakukosea kusema. Angekaa kimya akiendelea kutafuta huku ndege inasukumwa kwenda kuruka, hapo ndipo angekosea, tena kosa zito kuliko la kupoteza tochi. Nimefanya kazi ya kufungua na kufunga ndege kwa miaka 31, na miaka 22 kati ya hiyo nimekuwa na leseni ya kutia saini ndege iruke. Kijana wa miaka 23 anayeweza kumwendea msimamizi wake, abiria wakiwa wamekaa vitini, akasema "zana yangu moja siioni," huyo mimi namkabidhi ndege aifunge nikiwa na familia yangu ndani.

Sasa la tochi. Ndani ya mkia na mabawa, nyuma ya vile vifuniko, mna kamba za chuma, fito za kusukuma na roda, yaani magurudumu madogo ya kupitishia kamba, zinazopeleka amri ya rubani mpaka kwenye sehemu zinazogeuza ndege. Nafasi ni finyu mno. Tochi ikisahauliwa humo inaweza kukaa mwaka mzima bila kumdhuru mtu. Inaweza pia, siku ndege ikitikiswa na msukosuko wa hewa, kuviringika ikaingia kati ya kamba na roda, rubani akavuta usukani usije. Hakuna ajuaye itakuwa siku ipi. Ndiyo maana sisi hatuulizi zana iliyopotea ni kubwa au ndogo. Tunauliza iko wapi, na mpaka jibu lipatikane ndege haiendi.

Au niseme, haitakiwi kwenda. Desemba 2023, huko Los Angeles, Marekani, mafundi walichungulia injini moja ya Airbus A380 ya Qantas, shirika la ndege la Australia, kwa kamera maalumu. Ili kuizungusha kompresa ya ndani, yaani sehemu inayokandamiza hewa, walitumia kifaa cha nailoni chenye urefu wa mita 1.25. Kazi ikaisha, kifaa kikabaki ndani ya injini. Zana zilipohesabiwa kiligundulika hakipo, lakini utaratibu wa zana iliyopotea haukuanzishwa kabla ya ndege kutiwa saini. Ikaondoka. Ikaruka safari 34, zaidi ya saa 290 angani, ikivuka bahari na mamia ya watu, mpaka kifaa kikakutwa kwenye ukaguzi hukohuko Los Angeles mwanzoni mwa Januari 2024, kikiwa kimepindwapindwa na nguvu ya injini. Hakuna aliyeumia. Mama, tofauti ya mafundi wale na kijana wako ni moja tu: yeye alisema kabla ndege haijaondoka. Kwamba tochi yake ilikuwa kwenye koti la mtu na haikuwa ndani ya ndege, hilo limejulikana baada ya kutafutwa. Saa aliyosema hakuna aliyelijua, na uamuzi unapimwa kwa kilichojulikana saa ile.

Wenzake wanamcheka kwa sababu mwisho umekuwa mwema. Ningependa wakae na kisa kimoja nilichofundishwa nikiwa na umri wa kijana wako, na ambacho nimekirudia kwa kila kundi la wanafunzi niliyopata kulifundisha.

Tarehe 10 Juni 1990, ndege aina ya BAC One-Eleven ya British Airways iliondoka Birmingham, Uingereza, kwenda Málaga, Hispania. Ilikuwa na abiria 81, na marubani na wahudumu 6. Ilipofika futi 17,300 kioo cha mbele cha upande wa rubani mkuu kiling'oka. Hewa ya ndani ikatoka kwa kishindo na kumvuta rubani, Tim Lancaster, kiwiliwili kikawa nje na miguu imenasa ndani. Mhudumu Nigel Ogden akamdaka. Rubani msaidizi, Alastair Atchison, aliteremsha ndege peke yake hadi Southampton huku wahudumu wakipokezana kumshikilia, kwa zaidi ya dakika 20, mtu waliyedhani ni maiti. Alikuwa hai. Siku ile hakufa hata mmoja.

Kioo kile kilikuwa kimebadilishwa saa 27 kabla. Kinashikwa na bolti 90. Wachunguzi walipozipima walikuta 84 ni nyembamba kuliko zinavyotakiwa kwa inchi 0.026, yaani kama theluthi mbili za milimita. Sita zilizobaki zilikuwa na unene sahihi ila zilikuwa fupi. Na kioo cha ndege ile kilifungwa kwa nje, kwa hiyo ndege ikipanda, hewa ya ndani inakisukuma kitoke, na kinachokizuia ni bolti peke yake.

Nani alikifunga? Hapa ndipo watu husubiri kusikia mlevi au mwanagenzi asiyejua kazi. Alikuwa msimamizi wa zamu mwenyewe, mtu mwenye uzoefu wa miaka mingi. Usiku ule mafundi walikuwa pungufu na kazi zimejaa, akaamua afanye mwenyewe badala ya kuiacha. Ilikuwa kati ya saa tisa usiku na saa kumi na moja alfajiri, saa ambazo mwili wa binadamu unataka kulala hata kama macho yamefumbuka. Alitoa bolti za zamani, akaona nyingine zimechakaa, akaenda stoo na sampuli mkononi. Hakufungua kitabu kutafuta namba ya bolti. Alitaka zinazofanana na alizozitoa. Mtunza stoo akamwambia kioo kile kinatumia bolti za namba nyingine. Alimwambia mara moja, basi, hakushikilia. Zilizokuwepo stoo hazikutosha, fundi akaenda kwenye kabati jingine la bolti lililokuwa mbali, penye mwanga hafifu, akalinganisha kwa macho na kuchukua. Aliporudi, jukwaa alilosimamia halikukaa sawa na kioo, akawa anafunga huku amejinyoosha, asione vizuri kwamba vichwa vya bolti vimezama kuliko kawaida. Kanuni za wakati ule hazikukihesabu kioo cha rubani kuwa kazi inayotaka mkaguzi wa pili, wala hazikudai ndege ijazwe hewa kupimwa kabla ya kuruka. Safari ya kwenda Málaga ndiyo ikawa kipimo.

Mimi katika kisa hiki simfikirii sana fundi. Namfikiria mtunza stoo. Alikuwa anajua, na alisema, lakini aliyekuwa mbele yake ni mkubwa wa zamu, na mdogo akimwambia mkubwa jambo mara moja, mkubwa asipolipokea, kwetu hiyo ni adabu kunyamaza. Ndivyo tulivyolelewa, na nyumbani ni malezi mema. Ndani ya hangari malezi hayo yanatakiwa yawekwe mlangoni pamoja na viatu vya mtaani. Laiti mtunza stoo yule angesema mara ya pili, "Mzee, samahani, tufungue kitabu," pengine tusingekuwa na kisa cha kusimulia. Kijana wako amefanya lile ambalo mtunza stoo yule hakulimaliza.

Visa vinavyofanana ni vingi. Nitataja viwili tu, kwa sababu vinahusu kalamu, na kijana wako sasa anatakiwa kushika kalamu.

Cha kwanza ni cha Texas, Marekani, tarehe 11 Septemba 1991. Ndege ndogo ya Continental Express ilikatika hewani karibu na Eagle Lake na watu wote 14 wakafa. Usiku uliotangulia mafundi walikuwa wanabadilisha mipira ya kuvunja barafu kwenye ukingo wa mbele wa mkia. Zamu moja ilitoa skrubu za juu upande wa kulia, na za upande wa kushoto pia. Zamu iliyofuata ilimaliza upande wa kulia tu. Skrubu 47 za juu upande wa kushoto hazikurudishwa kamwe, kwa sababu hakuna aliyeandika kwamba zimetolewa. Mkia wa ndege ile uko juu sana, na fundi aliyesimama chini gizani hawezi kuona kwamba skrubu hazipo. Waliopokea zamu hawakuwa wazembe. Walipokea karatasi isiyosema kweli.

Cha pili hakikuua mtu, na kinanitisha zaidi. Tarehe 5 Mei 1983 ndege ya Eastern Air Lines yenye injini tatu iliondoka Miami kwenda Nassau na watu 172. Injini zote tatu zikaanza kupoteza oili, na kwa muda ndege ikawa inashuka juu ya bahari bila injini hata moja inayofanya kazi. Moja iliwashwa upya, wakafanikiwa kurudi Miami. Usiku wa kabla ya safari mafundi walibadilisha vile vizibo vyenye sumaku vinavyonasa chembe za chuma kwenye oili. Kila kizibo kinatakiwa kiwe na oringi, yaani vipete vya mpira, za kuzuia oili isitoke. Kwa kawaida mafundi wale walivikuta vizibo kwenye kabati la msimamizi vikiwa vimeshavishwa oringi. Usiku ule kabatini havikuwemo, wakachukua vya stoo, ambavyo havikuwa na oringi. Kadi ya kazi ilisema wazi zifungwe oringi mpya. Walitia saini. Mkono uliozoea kitu kiwe tayari hauhisi kikikosekana, na kosa likarudiwa kwenye injini zote. Tangu hapo imekuwa desturi, hasa kwa ndege za injini mbili zinazovuka bahari, fundi mmoja asifanye kazi ileile kwenye injini zote kwa wakati mmoja. Kijana wako akiulizwa kwa nini desturi hiyo ipo, amsimulie anayeuliza kisa hiki.

Tena kosa la fundi halina haraka. Ndege ya Japan Airlines iliyoanguka tarehe 12 Agosti 1985 na kuua watu 520 ilikuwa imegusa ardhi kwa mkia huko Osaka mwaka 1978. Ukuta wa nyuma unaozuia hewa ya ndani ulitengenezwa isivyo, bati la kuunganishia likashikwa na safu moja ya ribiti, yaani misumari ya kuunganisha mabati, pale palipotakiwa mbili. Uliruka hivyo miaka 7, zaidi ya safari 12,000. Kila safari ulipasuka kidogo tu.

Mwaka 1993 Gordon Dupont wa idara ya usafiri ya Kanada aliorodhesha mambo 12 yanayomkosesha fundi: uchovu, haraka, kukatizwa katikati ya kazi, kuzoea, kukosa vifaa, kuogopa kusema, na mengine. Orodha hiyo imebandikwa kwenye hangari nyingi duniani, na huenda kijana wako anapita mbele yake kila siku. Uisome mama, hutakuta neno "ujinga" limepewa nafasi kubwa. Kutojua kazi ni moja tu kati ya 12. Mengine yote humpata fundi anayeijua kazi yake barabara.

Na sasa nikueleze langu, maana si haki nimsifu mtoto wako kwa ushujaa nisiseme mimi nilikuwa nani nilipokuwa na umri wake.

Nilikuwa na miaka 25. Jioni moja nilikuwa nafunga bomba la mafuta chini ya bawa, nikaitwa kusaidia kubadilisha tairi la ndege nyingine. Niliporudi nikafunga kifuniko, nikasaini, nikaenda nyumbani. Saa sita za usiku nikaamka. Sikukumbuka kama ile nati niliikaza kwa spana au niliiacha imekazwa kwa vidole. Nilijaribu kuuona mkono wangu ukivuta spana, sikuuona. Nilijua ndege ile inaondoka alfajiri. Nilijua pia nani yuko zamu na namba yake ya simu. Sikupiga. Nilijiambia kwamba bila shaka niliikaza, kwa sababu huwa nakaza. Nililala chali nikiangalia dari mpaka kukapambazuka. Ndege iliruka, ikarudi mchana. Nikatafuta sababu ya kukifungua kile kifuniko, nikaweka spana kwenye nati. Ilizunguka karibu mzunguko mzima. Nikaikaza, nikafunga, nikanyamaza. Nilinyamaza miaka 11, mpaka siku niliyosimama mbele ya darasa la vijana nikaona siwezi kuwafundisha jambo hili huku nimeficha.

Watu waliopanda ndege ile hawakujua. Wengi wao pengine wako hai na wana wajukuu. Mimi ninawawaza hadi leo. Kilichonizuia kupiga simu hakikuwa kutojua hatari. Nilikuwa naijua vizuri kuliko mtu yeyote. Nilihofia kuitwa jina kama hilo analoitwa kijana wako.

Kwa hiyo mama, wenzake wanapomwita kisirani wanafanya jambo la hatari, na uongozi unaowaacha wafanye hivyo unafanya la hatari zaidi. Fundi mwingine kijana anaangalia. Kesho akipoteza bisibisi atakumbuka yaliyompata mwenzake, atasema moyoni, "Nitaitafuta kesho." Shirika la kimataifa la usafiri wa anga, ICAO, ambalo Tanzania na Kenya ni wanachama, limeweka wazi kwamba uchunguzi wa ajali lengo lake ni kuzuia nyingine isitokee, halikuwekwa kutafuta wa kulaumiwa. Linadai pia kila nchi mwanachama iwe na mfumo wa watu kutoa taarifa za hatari, ukiwemo wa hiari. Haina maana kwamba fundi hawezi kuadhibiwa. Aliyesaini kazi ambayo hakuifanya kwa makusudi, au aliyekuja kazini amelewa, huyo aadhibiwe. Aliyesahau akasema, huyo anasikilizwa.

Lakini sitamwacha kijana bila neno, kwa sababu nampenda kama fundi mwenzangu. Iko sehemu moja ambayo angeweza kufanya vizuri zaidi. Zana zinahesabiwa kabla kifuniko hakijafungwa, na tena kabla saini haijatiwa. Kuhesabu wakati wa kwenda nyumbani ni kuchelewa. Ndiyo maana abiria walikuwa wameshakaa. Na mwenzake aliyechukua tochi bila kusema ana fungu lake, ila nina wasiwasi na hangari ambamo tochi inaweza kuhama mfuko bila mtu kujua. Zana za pamoja zinatakiwa ziwe na namba, zikae kwenye ubao uliochorwa umbo la kila zana, ili pengo lionekane hata na mtu anayepita mbali, na anayechukua aache kibati chenye jina lake. Kama ubao huo haupo, hilo ni la uongozi, wala si la mwanafunzi wa miaka 23.

Kuhusu maelezo aliyoambiwa aandike, asiyaogope. Aandike kwa mpangilio wa saa: saa ngapi alianza kazi, kifuniko kipi kilifunguliwa, tochi aliitumia mwisho wapi, saa ngapi alihesabu, alimwambia nani na kwa maneno gani. Asimtupie lawama mwenzake. Aandike tu kwamba tochi ilikutwa kwenye koti lake. Asiombe msamaha kwa kusimamisha ndege. Aandike kwamba hesabu ya zana aliifanya mwisho wa zamu badala ya kabla ya kufunga, na kwamba kuanzia sasa ataifanya kabla. Mwisho aandike pendekezo la ubao na namba kwenye zana, kama havipo. Barua iwe ya ukurasa mmoja, aipeleke kwa msimamizi na kwa ofisi ya usalama ya kampuni, na nakala yenye muhuri abaki nayo nyumbani. Kuacha kazi alifikirie baada ya kupata majibu ya barua hiyo, na kama atapenda kuniandikia yeye mwenyewe kabla ya hapo, mwambie nitamjibu siku hiyohiyo.